Somo la Kiasi: Kula Kitamu cha Bei Nafuu Bila ya Kuulemea Mwili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyewaruzuku waja wake vilivyo vizuri. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya: hili ni somo fupi juu ya jambo ambalo kila mwenye nyumba hukutana nalo kila siku, nalo ni namna ya kula chakula kitamu kwa fedha chache pasi na kuudhuru mwili kwa unene.

FASILI YA KWANZA: Mfano wa mtu aliyekosa mara mbili

Na apigiwe mfano mtu katika mji wa pwani, ambaye ujanani alikuwa mchukuzi, kisha akafungua duka dogo. Alipokuwa akibeba magunia alikula kwa kadiri ya kazi yake, na mwili ukakitumia chakula chote. Alipoketi dukani kazi ilipungua, lakini sahani haikupungua. Asubuhi ni mahamri manne kwa mbaazi za nazi. Adhuhuri ni wali. Jioni, barazani, ni sambusa na kaimati, ambazo kwa kuwa kila moja ni ya bei ndogo, yeye hazihesabu. Miaka ikapita, magoti yakalemewa, hata akawa hawezi kusujudu ila kwa taabu, akaanza kusali juu ya kiti. Hilo ndilo lililomtia huzuni, wala si tumbo lake.

Tabibu akamwambia apunguze uzito. Akarudi nyumbani, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatakula tena wali wala kitamu chochote. Siku sita alikaa amekunja uso, na mkewe akawa apika vyakula viwili kwa fedha ya chakula kimoja. Siku ya saba ikaletwa sahani ya halua kutoka arusini, akaila yote peke yake, kisha akasema, "Jambo hili mimi siliwezi." Mkewe akamjibu, "Bwana, jambo hili hujalijaribu bado. Ulikula pasi na kiasi, kisha ukaacha pasi na kiasi."

Neno la mwanamke huyo ndilo msingi wa somo hili.

FASILI YA PILI: Hukumu yake

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameamrisha kula na kunywa, na papo hapo akakataza israfu. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 87, amewakataza waumini wasijiharimishie vizuri alivyowahalalishia. Basi alaye kupita haja ameiacha aya ya kwanza, na ajiharimishiaye halali ameiacha ya pili. Yule mwenye duka aliingia katika makosa yote mawili, na juu ya hayo akavunja yamini. Kafara yake imetajwa katika aya ya 89 ya Sura hiyo hiyo ya Al-Maida: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kwamba kula kupita shibe katika mali ya mtu mwenyewe ni makuruhu, na kukiwa na madhara ni haramu. Ama mgeni, haimfalii kula kupita shibe katika chakula cha mwenyeji wake, ila akijua kwamba mwenyeji yu radhi. Na Tirmidhi amepokea kwa Miqdam bin Maadikarib ile hadithi mashuhuri, ambamo Mtume alibainisha kuwa tumbo ni chombo kibaya kukijaza, na kwamba ambaye hana budi ya kula sana na aligawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi.

Asidhani mtu kwamba kiasi ni kuchukia ladha. Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akipenda kitu kitamu na asali. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdallah bin Jaafar kwamba alimwona Mtume akila tende mbivu kwa matango. Mwenye akili na azingatie: tende ni tamu na nzito, tango ni la maji na jepesi, yakikutana, kinywa hupata ladha na tumbo halilemewi, wala havikutafutwa vya ghali.

FASILI YA TATU: Hesabu ya vitu vidogo

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Gramu 1 ya sukari au ya wanga ina kalori 4, na gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Nguvu ambayo mwili haukuitumia huwekwa kuwa shahamu. Kwa hiyo kinachonenepesha si kitu kimoja kilichoharimishwa, bali ni ziada, itoke popote.

Kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4. Atiaye vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe vitatu kwa siku, amekula gramu 36; na kwa siku 30 ni gramu 1,080, yaani zaidi ya kilo nzima, kwa mtu mmoja na kwa chai peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ikipungua hata nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa alaye kalori 2,000 kwa siku, nusu hiyo ni gramu 25, kama vijiko sita. Basi chai ya mtu huyo imekwisha kupita kabla hajagusa kaimati.

Dawa yake si kuiacha chai. Apunguze nusu kijiko kila juma, na azidishe tangawizi na iliki, ulimi huzoea. Na sukari asiyoinunua ni fedha iliyobaki mfukoni.

FASILI YA NNE: Vyakula vya bei nafuu na namna ya kuvipika

Mbaazi, kunde na choroko hushibisha muda mrefu kwa fedha chache. Dagaa na vibua aghlabu havina bei ya nguru, nao ni samaki wazuri. Mchicha na mnavu hujaza sahani pasi na kuuzidishia mwili uzito. Aliyezoea sahani ya wali na kijiko cha mboga na ageuze: mboga iwe nusu ya sahani, kitoweo robo, na wali robo.

Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120. Kwa hiyo muhogo wa kuchoma, kwa ndimu na pilipili, ni mwepesi kuliko wa kukaanga, na mkate wa mofa kuliko hamri. Ama nazi haina haja ya kuachwa: mchuzi upikwe kwa tui jepesi, kisha kasimile kidogo itiwe mwisho, ipate kunukia.

Na halua? Wazee wa pwani walikuwa na hekima katika jambo hili. Waliila kipande kidogo kwa finjani ya kahawa chungu isiyotiwa sukari; uchungu wa hii huuzidisha utamu wa ile, na tonge mbili humtosha mtu. Kwani ladha kubwa imo katika tonge za mwanzo. Zifuatazo ni mazoea tu.

Katika mwezi wa Ramadhani na afuturu kwa tende na maji, asali Magharibi, kisha ndipo akae kula. Njaa ikiisha kutulia, mkono hauendi mbio.

MASUALA

Suala: Afungaye kwa kutaka kukonda tu, ana thawabu ya funga?
Jibu: Funga ni ibada, na ibada ni kwa nia. Akinuia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, faida ya mwili humfuata.

Suala: Mwenye ugonjwa wa sukari afuate haya?
Jibu: Amwulize kwanza tabibu wake, khasa kabla ya kufunga na kabla ya kubadili chakula au dawa.

Suala: Yule mwenye duka afanye nini?
Jibu: Atoe kafara yake. Kisha ale pamoja na watu wa nyumba yake chungu kimoja, sahani yake iwe ndogo kuliko jana. Halua aiweke kwa siku ya Ijumaa. Na aende msikitini kwa miguu kadiri awezavyo. Asitazamie kukonda kwa siku saba kilichonenepa kwa miaka. Kilo chache zikimwondoka, magoti hupata nafuu, na asaa paji lake likarudi chini lilipokuwa likisujudu.

Mwenyezi Mungu awape waja wake afya ya mwili na ukinaifu wa moyo. Amin.