Kabla Hujalipia Redio ya Setilaiti

Ukinunua gari jipya Marekani, huenda ukaliwasha tu ukakuta redio ina chaneli zaidi ya mia moja, hazikatikikatiki wala hazina mkwaruzo. Ni SiriusXM, na uhondo huo ni wa majaribio, aghalabu miezi mitatu. Watu wetu wanaoendesha malori na teksi kule wanaijua ladha yake. Wanaijua pia siku majaribio yanapoisha na kadi ya benki kuanza kukatwa.

Usingoje siku hiyo. Wiki mbili kabla, weka daftari garini, na kila ukiegesha andika mambo mawili: umesikiliza chaneli gani, na ulikuwa wapi. Dereva mmoja ninayemfahamu alifanya hivyo akagundua kwamba utitiri wote ule yeye anaugusa sehemu tatu tu: mpira, BBC, na blues za B.B. King. BBC angeipata bure kwenye simu. Blues pia, kwa bei ndogo. Ukabaki mpira.

Hapo ndipo penye fedha. Tangu muziki uhamie kwenye simu, nyimbo peke yake si sababu ya kulipia redio. Mtu hulipia mechi inayochezwa saa hii hii, au sauti ambayo haipatikani kwingine. Sirius walilijua hilo mapema: mwaka 2004, wakiwa na wateja wasiofika milioni 1, walitangaza mkataba wa dola milioni 500 na mtangazaji Howard Stern. Alianza kazi Januari 2006, na mwaka huo ulipoisha wateja walikuwa wamepita milioni 6. Kwa hiyo jiulize: Stern wako ni nani? Kama hayupo, zima.

Sasa tazama ile safu ya pili ya daftari, ulikuwa wapi. Kile kinundu kama pezi la papa juu ya paa la gari hudaka mawimbi moja kwa moja kutoka angani, hakihitaji mnara wa simu. Ukivuka Wyoming au Montana usiku, simu ikipoteza mtandao maili kwa maili, utakishukuru. Lakini kama kazi yako ni kuzunguka mjini na kuegesha chini ya maghorofa, bando la simu linakutosha.

Ukiamua kulipa, kumbuka Kariakoo. Bei ya kwanza ni ya mgeni. Piga simu useme unataka kujitoa, kisha nyamaza. Mara nyingi mhudumu atashusha mwenyewe. Usishangilie bado. Muulize ofa inaisha tarehe gani, baada ya hapo utakatwa ngapi, na kama bei hiyo imejumlisha kodi na ada ya mrabaha wa muziki. Tarehe hiyo iwekee kengele kwenye simu, wiki moja kabla. Na akikuzungusha unapotaka kuondoka kweli, usione haya kukaza sauti: Novemba 2024 jaji wa New York aliamua kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria kwa kufanya kujitoa kuwe kugumu.

Je, redio yenyewe itadumu? Setilaiti ya SXM-9 ilirushwa Desemba 2024 na SXM-10 Juni 2025, na vyombo vya aina hiyo hujengwa vidumu miaka kama 15. Hazizimwi kesho. Hata hivyo, Afrika tuliwahi kuwa na WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa mwaka 1998. Mwaka 2008 kampuni ikaomba kinga ya ufilisi, na matangazo yalipokoma waliokuwa na vipokezi vyake walibaki na mapambo ya kabati, kwa kuwa havikudaka kitu kingine chochote kutoka angani.

Basi tumia redio iliyokuja na gari, usinunue kipokezi cha pembeni. Na ukishawishiwa kulipa miaka mitatu kwa mkupuo ili upunguziwe, lipa mmoja.