SOMO: Kutunza Ushahidi wa Wizi wa Mtandao

Zamani mwizi wa fedha za ushirika alivunja kasha. Siku hizi hutuma ujumbe tu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Chama cha msingi, kiwe cha Rungwe au cha Mufindi, hakina budi kujiandaa kabla ya kuibiwa.

Maandalizi huanza na nywila. Watumishi watatu wakitumia nywila moja, hakuna mkaguzi atakayebainisha ni nani aliyetoa fedha za wakulima, na asiye na hatia atashukiwa pamoja na mkosaji.

Wizi ukitokea, katibu afuate hatua hizi:

1. Asifute ujumbe wowote, hata kwa aibu. Kuufuta ni kufagia nyayo za mwizi.
2. Aiarifu benki au kampuni ya simu mara moja, ili fedha zizuiwe.
3. Aandike daftarini namba ya muamala, tarehe na saa.
4. Atoe taarifa polisi. Akikabidhi simu au kompyuta, pawe na hati yenye sahihi za pande zote mbili.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Chama hutunza ushahidi. Upekuzi ni kazi ya polisi.

Swali la kujadili: Katika chama chenu, ni nani anayejua nywila ya mwenzake?