Kabla hujaita dawa ya kweleakwelea, piga picha kwanza



Oktoba nilikuwa kwenye boti natoka Unguja. Katikati ya maji ndege mdogo akatua ukingoni, kachoka hata watu hawaogopi. Mgongo wa buluu inayong'aa, koo rangi ya kutu. Mbayuwayu. Huyu huzaliana Ulaya na Asia, hufika kwetu kuanzia Septemba hivi na kuondoka Machi na Aprili. Uzito wake kama gramu 20 tu! Nikapiga picha kama thelathini, karibu zote chenga: kioo cha kamera kilijaa chumvi, na nilivuta picha kwa vidole badala ya kusogea.

Mwishoni mwa Machi nipo Mbarali, simu ikaita. "Shikamoo bwana shamba. Kwelea wameingia kwenye mpunga, mamia. Nimeshanunua sumu, jioni napuliza."

"Marahaba mdogo wangu. Bomba usiliguse. Nitumie picha."

Picha ya kwanza ilikuwa nukta nyeusi angani. Nikamwambia asubiri asubuhi, wakiwa wametua kwenye waya za umeme. Futa kioo, jua liwe mgongoni kwako, sogea taratibu, kisha shikilia kitufe zitoke picha mfululizo. Ukipata moja safi inatosha.

Angalia mdomo kwanza. Kwelea ana mdomo mnene wa kuvunjia punje, mara nyingi mwekundu. Mbayuwayu ana kimdomo kifupi, chembamba. Mkia wenye panda usiutegemee sana, maana akiwa huku kwetu hubadilisha manyoya, na wachanga mikia yao ni mifupi. Halafu rekodi video ya dakika moja: kwelea hung'ang'ania masuke, mbayuwayu hupita juu yake huku na huku akidaka wadudu wanaoruka. Mpunga hali kabisa.

Wale wa kijana walikuwa mbayuwayu watupu. Angepuliza, angeua wala wadudu wake na kutia sumu kwenye mfereji ambao majirani wanavua samaki.

Sisemi mbayuwayu atakumalizia funza wa shina, yule yuko ndani ya bua, hamfikii. Hilo tutaliongea siku nyingine.

Na kama picha ikionyesha kwelea kweli, usipulize mwenyewe. Mpelekee afisa kilimo wa kijiji siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, sehemu wanakolala na hatua ya mpunga wako.