Chuja Kwanza, Ndipo Utie Klorini

Klorini inatukinga na kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara kunakoua watoto. Tunaanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu wapo waliosikia kwamba dawa ya maji inaleta saratani, wakaiweka pembeni hata msimu wa mvua, wakati inapohitajika kuliko wakati wowote. Walichosikia kina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya habari.

Kinachotokea ndani ya ndoo

Maji ya mto, bwawa au kisima kifupi hayabebi vijidudu tu. Majani yaliyooza, mwani na mboji ya mashambani huyeyuka humo na kuyapa rangi ya chai hafifu. Ukitia klorini, inashambulia kila inachokikuta: vijidudu, na mabaki hayo ya mimea pia. Ikishikana na mabaki, huzaa kemikali mpya ambazo hazikuwamo majini wala kwenye chupa ya dawa. Zinazojulikana zaidi ni trihalomethani, klorofomu ikiwa mojawapo, na asidi za haloasetiki. Kwa kiasi kinachopatikana kwenye maji ya kunywa, huwezi kuziona wala kuzionja.

Mkemia Johannes Rook aliyefanya kazi katika huduma ya maji ya Rotterdam, Uholanzi, ndiye aliyeeleza mwaka 1974 kwamba klorofomu hiyo inatengenezeka wakati maji yanapotiwa klorini. Miaka mitano baadaye Marekani iliweka kikomo cha trihalomethani zote kwa jumla, mikrogramu 100 kwa lita, kisha ikakishusha hadi 80. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 300 kwa klorofomu peke yake. Wasiwasi ni wa mtu anayekunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi. Tafiti zimeihusisha hali hiyo na saratani ya kibofu cha mkojo. Kipindupindu hakisubiri miaka. Kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache, na ndiyo maana Shirika hilo linasisitiza kwamba juhudi za kupunguza kemikali hizi zisidhoofishe kamwe kazi ya kuua vijidudu.

Kemikali hizi huongezeka maji yanapokuwa na mabaki mengi ya mimea, dawa inapozidi, maji yanapokuwa ya moto, na muda unapopita. Kwa wakazi wa pwani liko jambo la ziada. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari huwa na bromidi, na hapo huzaliwa trihalomethani zenye bromini, ambazo baadhi yake zimewekewa vikomo vikali zaidi, hadi mikrogramu 60. Kama maji ya kisima chenu yana chumvichumvi, tafuteni chanzo kingine cha maji ya kunywa kila inapowezekana.

Namna ya kutibu maji nyumbani

Maji ya mvua za masika yakiletwa nyumbani yana rangi ya udongo. Usiyatie dawa hapo hapo. Funika ndoo, iache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utaona tope limelala chini. Mimina taratibu kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, na simama pale tope linapoanza kupanda. Lile la chini mwagia bustani. Shabu husaidia kutuamisha tope haraka. Mbegu za mlonge pia hutuamisha, ila huacha majini mabaki ya mmea wenyewe, chakula kipya cha klorini.

Sasa tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, koroga, funika, subiri nusu saa. Usiongeze kwa kukisia. Dawa ya kufulia yenye manukato haifai kabisa. Weka chombo kivulini, na tibu maji ya siku moja tu. Harufu hafifu ya klorini ni dalili kwamba ulinzi bado upo; isikutishe.

Huko Kenya magharibi watafiti walipima maji yaliyotibiwa hivi kwa klorini majumbani, yakiwemo yenye tope, na matokeo yao ya mwaka 2008 hayakuonyesha sampuli hata moja iliyovuka viwango vya Shirika la Afya Duniani. Mama anayetibu maji ya wanawe kwa kipimo sahihi asiishi kwa hofu.

Kuchemsha maji yaliyokwisha kutiwa klorini huondoa klorofomu kwa mvuke, lakini na klorini huondoka, kwa hiyo maji hayo yafunikwe vizuri na yachotwe kwa kata yenye mpini.

Kama mnatumia maji ya bomba la kijiji, iulizeni kamati ya maji klorini inatiwa wapi. Ikitiwa kabla ya chujio, inakutana na uchafu wote wa mto. Ombeni itiwe baada ya chujio.