Andika Tarehe, Usiandike Umri

Mwanamume aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1965, akitupa tufe tarehe 13 Agosti 2025, ana miaka 59. Katika riadha ya maveterani yumo kwenye kundi la M55, la wanaume wa miaka 55 hadi 59, na tufe lake ni la kilo 6. Akirudi uwanjani kesho yake ametimiza 60, ameingia M60, na tufe limeshuka hadi kilo 5. Usiku mmoja umebadilisha kundi, kifaa na rekodi anayoiwinda.

Kwa hiyo, wewe unayetunza daftari la riadha ya maveterani, futa ile safu ya “umri”. Weka safu mbili: tarehe kamili ya kuzaliwa na tarehe kamili ya shindano. Umri hesabu kutoka hapo kila unapouhitaji. Makundi huanza miaka 35 na kupanda mitano mitano. Katika mashindano ya dunia ya uwanjani, mwanariadha hupangiwa kundi kwa umri aliokuwa nao siku ya kwanza, basi siku hiyo nayo iandikwe.

Ugumu mkubwa uko kwenye tarehe ya kuzaliwa yenyewe. Oktoba 2011, Fauja Singh alimaliza marathoni ya Toronto akitajwa kuwa na miaka 100. Pasipoti yake ilisema 1 Aprili 1911, lakini Guinness hawakuiingiza rekodi hiyo kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kijijini kwao India enzi hizo vizazi havikuwa vikiandikishwa. Huku kwetu tunao wazee wengi wa namna hiyo: aliyezaliwa mwaka wa njaa, au ambaye kitambulisho chake kinasema 1 Januari kwa sababu karani alihitaji kujaza nafasi.

Fungua jalada siku mwanachama anapojiunga, usingoje avunje rekodi. Chukua nakala ya cheti au pasipoti, na uandike cheti kilitolewa lini. Kilichotolewa mtoto akiwa mchanga kina uzito kuliko kilichotolewa mtu akiwa na miaka 50. Cheti cha ubatizo na karatasi za shule husaidia pia. Mwaka ukijulikana bila siku, andika hivyo hivyo, “1951, siku haijulikani”. Kwa hesabu za klabu yenu mchukulieni kuwa amezaliwa 31 Desemba, asije akapandishwa kundi kabla ya wakati wake. Na mzee aombwe pembeni, kwa heshima: “Shikamoo mzee, tunaomba nakala ya cheti chako, tusije tukaipoteza rekodi yako.” Kumdai uthibitisho mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na hatarudi.

Umri ukishathibitika, bado tokeo lenyewe linahitaji ushahidi. Mwaka 2004 huko Cape Town, Philip Rabinowitz, mwenye miaka 100, alikimbia mita 100 kwa kasi ya kuvunja rekodi, lakini saa ya umeme ikagoma. Ilibidi arudie siku chache baadaye. Fikiria mwili wa miaka 100 kuombwa mbio ya pili kwa kosa lisilo lake! Ijaribuni saa kabla ya mbio ya kwanza. Muda wa saa ya mkono uandikwe kwa alama yake na usichanganywe na wa umeme; sekunde 14.31 za mkononi huandikwa 14.4, hazishushwi kuwa 14.3.

Kwa mita 100, mita 200, viunzi vifupi, kuruka chini na miruko mitatu, andika upepo papo hapo. Ukizidi mita 2.0 kwa sekunde kutoka nyuma, si rekodi. Tufe, kisahani na mkuki vipimwe kwenye mizani siku hiyo, na uzito uingie kwenye karatasi ya matokeo. Nimeona mitupo mizuri ikikataliwa kwa sababu tu hakuna aliyeandika ni tufe gani lililotumika.

Waamuzi watie saini kabla hawajaondoka uwanjani. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi kando, weka tarehe na herufi za jina lako. Rekodi ikivunjwa, ya zamani ibaki palepale chini yake, na karatasi zake zote. Mpya ikija kukataliwa, ile ya zamani ndiyo inayorudi.