Dawa ya baridi yabisi imenizuia kupata mtoto?

SWALI: Daktari, nina miaka 34. Nina baridi yabisi na natumia vidonge vya salfasalazini, mwaka wa tatu sasa. Vidole vimepoa, nafanya kazi zangu. Tumeoana miaka miwili, hatujapata mtoto. Mke wangu amepimwa na hana tatizo, lakini mama bado anamsema. Inawezekana ni dawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Inawezekana kabisa, ndugu yangu, na mama aambiwe leo hii aache kumsema mkeo.

Salfasalazini ni dawa ya siku nyingi. Daktari Nanna Svartz wa Sweden ndiye aliyeianzisha mwishoni mwa miaka ya 1930, akilenga ugonjwa huohuo ulio nao. Ukimeza kidonge, sehemu kubwa hupita hadi utumbo mpana bila kufyonzwa. Huko bakteria huivunja dawa vipande viwili. Kimoja, salfapiridini, huingia kwenye damu. Ndicho kinachohusishwa na kupungua kwa mbegu za kiume na kulegea kwa mwendo wake. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza waliripoti jambo hili, na habari njema ni kwamba mbegu hurudi dawa ikisimamishwa, kwa kawaida ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa.

Hata hivyo, usiache vidonge kwa uamuzi wako. Baridi yabisi ikiachwa huru hula viungo, na mfupa ulioliwa haurudi. Zaidi ya hayo, wapo wanaume wengi wanaotumia dawa hii na wamepata watoto.

Anza na kipimo cha shahawa. Kaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, usitumie kondomu ya kawaida kukusanyia, na kama umetolea nyumbani, fikisha kichupa maabara ndani ya saa moja kikiwa karibu na mwili kisipoe. Majibu yakionyesha mbegu chache, mpelekee daktari anayekutibu viungo. Zipo dawa nyingine anazoweza kukubadilishia.

Kuna wanaouza dawa za "kusafisha utumbo" wakidai zinaponya baridi yabisi. Ni kweli watafiti wa New York walichapisha mwaka 2013 kwamba bakteria wa utumboni aitwaye Prevotella copri alionekana kwa asilimia 75 ya wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa, dhidi ya asilimia 21 ya watu wenye afya. Lakini kumkuta bakteria kwa mgonjwa hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa, wala utafiti ule haukupima dawa yoyote ya kusafisha. Usinunue. Na usijinywee antibiotiki, kwani zinaweza kuua bakteria wa utumbo mpana wanaoivunja dawa yako.

Ukibadilishiwa dawa, rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo, majibu bado yataonyesha mbegu zilizotengenezwa ukiwa kwenye dawa ya zamani.