Kisirani ama Mikaya?

Maandiko: Hesabu 13:25–33; 1 Wafalme 22:1–38; Yohana 11:7–16

Mtu anayeona mabaya tu tumempa majina mengi. Tunamwita kisirani. Tunamwita bundi, kwa maana wengi wetu tulilelewa tukiambiwa bundi akilia kuna msiba. Akifungua mdomo tunamkata: "Wacha kunitabiria mabaya!" Lakini Biblia ina watu wa aina tatu ambao sisi tungewaita jina hilo hilo moja.

Kwanza, wale wapelelezi 10. Walizunguka Kanaani siku 40, na waliyoyaona yalikuwa kweli: miji ilikuwa na kuta, na majitu yalikuwepo. Shida ni kwamba walihesabu majitu, Mungu wakamwacha nje ya hesabu. Wakajiona panzi. Hofu yao ikashika kambi nzima, na Israeli wakatangatanga jangwani miaka 40.

Pili, Mikaya. Mfalme Ahabu alimchukia kwa kumtabiria mabaya kila mara. Manabii kama 400 walimwambia mfalme aende vitani, atashinda. Mikaya alimwambia ukweli, akatupwa gerezani. Ahabu alienda Ramoth-Gileadi, na akarudishwa Samaria akiwa maiti. Sasa niambie, kisirani hapo alikuwa nani?

Tatu, Tomaso. Yesu aliposema anarudi Uyahudi, mahali walitaka kumpiga mawe, Tomaso aliona kifo tu mbele. Hata hivyo aliwaambia wenzake waende naye. Moyo uliona giza, lakini miguu ilimfuata Bwana.

Kwa hivyo, mpendwa, usiwe mwepesi wa kukemea. Mama wa nyumba akikwambia, "Baba Njeri, hiyo shamba usilipe kabla hatujaona title," huyo si kisirani. Dada wa kanisa akikusihi upeleke huo uvimbe hospitali, si kwamba hana imani. Pengine huyo ndiye Mikaya wako, na ukimfunga mdomo utaumia wewe.

Na wewe ambaye kila siku unaona mabaya, hatukuambii ujifanye hakuna shida. Taja majitu yote, lakini usikomee hapo. Mtaje Mungu pia, kisha uinuke uende, kama Tomaso.

Swali la kikundi cha nyumbani: Ni nani umemnyamazisha kwa kumwita kisirani? Alikuwa anajaribu kukuambia nini?